Kwa Nini Mkunga Hupimwa Kabla ya Kupewa Leseni



Mzazi wa Mbebe anayeuza mahindi na maharage ili mtoto wake asomee uuguzi hufika mahali akauliza: "Mwanangu amekaa chuoni miaka mitatu. Mitihani ya chuo amefaulu. Mbona anaambiwa bado kuna mtihani mwingine kabla hajaanza kazi?" Mwanafunzi mwenyewe naye huuliza hivyo hivyo, na mara nyingi huuliza kwa uchungu zaidi. Mmoja husema mtihani huo ni adhabu. Mwingine husema ni ujanja wa kuwapunguza watu ili wachache tu wapate kazi. Mwingine tena, hasa yule aliyekwisha kukesha katika wodi ya wazazi, husema mtihani ni mgumu lakini ni wa haki.

Leo tutaeleza mtihani huo ni kitu gani, kwa nini wanafunzi wanauogopa, malalamiko yao yapi yana ukweli, na sisi wananchi tuna wajibu gani. Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Mtu ambaye maisha yake yanategemea mtihani huo ni mama anayejifungua usiku katika zahanati yenye muuguzi mmoja.

Mitihani ni mingapi?

Kwanza tutenganishe mambo mawili, maana watu wengi huyachanganya.

Jambo la kwanza ni mitihani ya chuoni. Katika vyuo vya kati vya afya, mwanafunzi husoma ngazi kwa ngazi. Akimaliza ngazi ya nne na ya tano hupata cheti. Akiendelea hadi ngazi ya sita hupata stashahada. Masomo haya yako chini ya taratibu za Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Mafunzo hayo huitwa ya umahiri. Maana yake ni kwamba mwanafunzi hapimwi kwa yale anayoyakumbuka tu. Hupimwa pia kwa yale anayoweza kuyatenda kwa mikono yake. Asipofaulu, hamalizi chuo.

Jambo la pili ni mtihani wa leseni. Huu haumilikiwi na chuo. Husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo linafanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mhitimu aliyekwisha kumaliza chuo hufanya mtihani huu ili asajiliwe na kupewa leseni. Bila leseni haruhusiwi kumhudumia mgonjwa kama muuguzi au mkunga, hata kama ana cheti kizuri namna gani. Anayeshindwa hafungiwi mlango milele. Hurudia kwa utaratibu uliowekwa.

Sisi tunaoishi karibu na mipaka ya Tunduma na Isongole tukumbuke jambo moja. Mtu aliyesomea uuguzi Zambia au Malawi naye hawezi kuvuka mpaka leo na kesho akaanza kuzalisha akina mama huku kwetu. Ni lazima asajiliwe kwanza na Baraza letu. Nchi hizo jirani nazo zina mabaraza yao na mitihani yao ya leseni. Na huko mbali, nchini Indonesia, sheria ya uuguzi ya mwaka 2014 na sheria ya ukunga ya mwaka 2019 zilimtaka mwanafunzi afanye mtihani wa taifa wa umahiri mwishoni mwa masomo yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Songwe asidhani kwamba ameonewa peke yake.

Utaratibu wenyewe si wa jana. Uingereza ilitunga sheria ya wakunga mwaka 1902, ili mtu asijiite mkunga bila kupata mafunzo na kuthibitishwa. Katika Tanganyika, sheria ya kusajili wauguzi na wakunga ilitungwa miaka ya 1950, kabla ya Uhuru. Sababu ilikuwa moja kila mahali: mama mwenye uchungu hana nafasi ya kumchunguza anayemhudumia. Lazima mtu mwingine awe amemchunguza kabla.

Katika chumba cha mtihani kuna nini?

Mtihani wa maandishi tunaujua. Mtihani unaowatetemesha wanafunzi zaidi ni ule wa vitendo. Katika vyuo vingi hufanywa kwa mtindo wa meza. Meza hupangwa moja baada ya nyingine, na kila meza ina kazi yake. Kengele ikilia, mwanafunzi huanza kazi. Baada ya dakika chache kengele hulia tena, naye huhamia meza inayofuata. Mtahini amekaa kimya kando, ana karatasi yenye orodha ya hatua, na kila hatua iliyotendwa sawasawa huiwekea alama.

Tuchukue mfano wa meza mbili.

Katika meza ya kwanza, mwanafunzi anaambiwa: "Huyu ni mama aliyejifungua sasa hivi. Anatokwa damu nyingi. Mhudumie." Mbele yake kuna mwanasesere. Mwanafunzi lazima aite msaada, maana peke yake hawezi. Lazima apapase tumbo aone kama mfuko wa uzazi umelegea, kisha ausugue ili ukaze. Lazima ahakikishe mama amepata sindano ya oksitosini. Sindano hii hutolewa uniti 10, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, mkunga akisha kuhakikisha hakuna mtoto wa pili tumboni. Lazima aangalie kama kibofu kimejaa mkojo, kama kondo la nyuma limetoka lote, na kama kuna mahali palipochanika. Lazima aweke dripu, apime mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na aseme ni wakati gani mama apelekwe hospitali.

Katika meza ya pili kuna mwanasesere mdogo. Mwanafunzi anaambiwa: "Mtoto amezaliwa. Halii wala hapumui." Hapa lazima amkaushe na kumsugua mgongo. Asipopumua, aanze kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa yake kabla dakika moja haijaisha. Wakunga huiita dakika hiyo dakika ya dhahabu.

Sasa, ndugu msomaji, jiulize. Kwa nini mtahini amkate mwanafunzi alama kwa kusahau kuangalia kibofu? Je, si jambo dogo? Hapana. Kibofu kilichojaa kinaweza kuuzuia mfuko wa uzazi kukaza, na mfuko usipokaza damu haikomi. Mama anayetokwa damu namna hiyo anaweza kufa katika muda wa saa chache. Usiku wa mvua, gari likiwa halijafika na hospitali ya wilaya ikiwa mbali kule Itumba, hakuna mwalimu wa kumkumbusha mkunga hatua aliyoisahau. Ndiyo maana anakumbushwa chuoni, hata kwa kukatwa alama.

Wanafunzi wanaogopa nini?

Wanafunzi wa uuguzi na ukunga wa nchi nyingi wanapoulizwa kuhusu mitihani hii, majibu yao hufanana. Wengi hukubali kwamba mtihani unawalazimisha kujifunza vitendo na si kukariri. Lakini wengi husema pia kwamba unawatia hofu kuliko mtihani wa maandishi. Tusiwacheke. Tuyatazame malalamiko yao moja moja.

1. "Kutazamwa kunanitetemesha mikono." Ni kweli. Mtu anayejua kazi anaweza kuisahau anapotazamwa. Dawa ya hofu hii ni kutazamwa mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Mwanafunzi aliyefanya kazi ile mara ishirini mbele ya wenzake hatishwi sana na mtahini. Isitoshe, wodini pia atatazamwa. Atatazamwa na mama mgonjwa, na bibi yake mgonjwa, na mume aliyesimama mlangoni.

2. "Mtihani ni bahati nasibu." Zamani lilikuwa lalamiko la haki. Mwanafunzi mmoja alipewa mgonjwa rahisi na mtahini mpole, mwenzake akapewa mgonjwa mgumu na mtahini mkali. Mwaka 1975 daktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza mtindo huu wa meza kwa sababu hiyo hiyo. Walitaka kila mwanafunzi apite meza zile zile, apewe kazi zile zile, na apimwe kwa orodha ile ile. Kwa hiyo mtindo unaoogopwa uliletwa ili kumlinda mwanafunzi asionewe.

3. "Vifaa havitoshi." Hili lina uzito. Chuo kikiwa na wanasesere wachache na wanafunzi wengi, wengine hubaki kutazama kwa mbali. Vivyo hivyo wodini: wanafunzi wakijazana kumzunguka mama mmoja, anayejifunza kwa mikono ni mmoja au wawili. Mtu hawezi kupimwa kwa haki katika kazi ambayo hakupewa nafasi ya kuifanya. Lalamiko hili lipelekwe kwa wakuu wa vyuo na kwa wizara, nalo lisikilizwe.

4. "Mtihani ni wa Kiingereza." Hili nalo ni gumu. Mwanafunzi hujibu kwa Kiingereza, kisha huja kumhudumia mama anayezungumza Kiswahili, Kindali au Kinyiha. Mwanafunzi anaweza kuijua kazi lakini akashindwa kuyaelewa maneno ya swali. Anayejiandaa na mtihani ajizoeze maneno ya kazi yake katika lugha zote mbili. Na mwalimu mwenye busara humpima pia jinsi anavyozungumza na mama, kwa lugha ambayo mama anaielewa.

5. "Ni gharama juu ya gharama." Kuna ada, nauli, chakula na malazi. Na mtu akishindwa mara ya kwanza, huongezeka miezi ya kukaa bila kazi. Kwa mzazi mkulima huo ni mzigo wa kweli. Ndiyo sababu ni vizuri familia ijue mapema, tangu mwaka wa kwanza, kwamba safari haiishii siku ya mahafali. Fedha ya mtihani wa leseni iwekwe akiba mapema.

Je, kufaulu mtihani kunatosha?

Hapa tuna jambo kubwa la kujifunza, nalo limetoka hapa hapa Tanzania. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa mwaka 2010 mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Baadaye walipimwa kwa mwanasesere. Walifanya vizuri kuliko walivyofanya kabla ya mafunzo. Kama tungeishia hapo, tungesema kazi imekwisha.

Lakini watafiti hawakuishia hapo. Waliingia katika chumba cha kujifungulia, wakatazama jinsi watoto halisi wanavyohudumiwa. Wakakuta kwamba ule ujuzi uliooneshwa kwa mwanasesere haukuhamia kwa mtoto halisi kama ilivyotazamiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Watu wamefaulu mtihani, lakini kitandani mambo hayajabadilika.

Wafanye nini basi? Mtihani haukutupwa. Waliongeza mazoezi. Mwanasesere aliwekwa karibu na mahali pa kazi, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi, ya dakika chache tu, mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka karibu 11 hadi karibu 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Baadaye mazoezi ya namna hiyo, pamoja na hatua nyingine, yalipelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionesha tena kwamba vifo vya watoto vilipungua.

Funzo lake ni hili. Mtihani ni kama mizani. Mizani hukuonesha uzito wa gunia, lakini haiongezi hata punje moja ndani yake. Kinachojaza gunia ni kulima. Vivyo hivyo, kinachomfanya mkunga awe mkunga ni mazoezi, kabla ya mtihani na baada yake. Mwanafunzi anayesoma ili avuke siku ya mtihani tu, kisha aweke daftari kabatini, amejidanganya mwenyewe. Na chuo kinachopima bila kufundisha kwa vitendo kimeleta mizani shambani bila jembe.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kwamba akina mama 556 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho, akina mama wanaojifungulia katika vituo vya huduma waliongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila mia. Sababu ni nyingi: zahanati, barabara, dawa, damu, magari ya wagonjwa. Lakini fikiri: akina mama wengi zaidi sasa wanaacha kujifungulia nyumbani na kuja zahanati kwa sababu wameambiwa huko kuna mtu anayejua. Wakimkuta mtu asiyejua, tumewahadaa.

Sisi tufanye nini?

Wewe mwanafunzi: usiungoje mtihani. Jiunge na wenzako wawili au watatu. Mmoja awe mama, mmoja awe mkunga, mmoja ashike orodha ya hatua. Semeni kila hatua kwa sauti, kisha badilishaneni. Kosa lililofanywa kwa mwanasesere halina msiba. Uliza katika wodi. Usione haya kusema "sijui", maana anayeona haya kuuliza leo atakuja kubahatisha kesho.

Usinunue mtihani wala cheti. Anayekuuzia karatasi ya majibu hatakuwapo siku mama atakapokuwa anatokwa damu mbele yako.

Wewe mzazi: mtoto akishindwa mara ya kwanza, usimwite mjinga wala usiseme fedha zako zimepotea. Muulize ameshindwa sehemu gani, umsaidie kurudi kujizoeza. Aliyeshindwa akajifunza ni afadhali kuliko aliyepita kwa mlango wa nyuma.

Wewe mama unayekwenda kliniki: ukiombwa ruhusa ili mwanafunzi akupime chini ya uangalizi wa muuguzi mwenye leseni, unayo haki ya kukubali au kukataa. Ukikubali, umesaidia kumfundisha mtu atakayemhudumia binti yako. Unayo haki pia ya kujua anayekuhudumia ni nani, na kama ni mwanafunzi au ni muuguzi aliyesajiliwa. Kuuliza hivyo kwa adabu si dharau.

Ninyi wajumbe wa kamati za zahanati na serikali za vijiji: mnapokutana, ulizeni kama wauguzi wenu wanapata nafasi ya kujizoeza hata baada ya kuajiriwa. Ulizeni kama mfuko wa kumpulizia hewa mtoto upo, ni mzima, na uko mahali unapofikika haraka. Leseni haina mikono. Mkunga aliyefaulu vizuri sana hawezi kufanya kazi kwa kabati tupu.

Maneno ya kukumbuka

Mtihani wa umahiri na mtihani wa leseni haukuwekwa ili kumzuia mtoto wa mkulima. Umewekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujitetea wakati ule, yaani mama mwenye uchungu na mtoto asiyelia. Lakini mtihani wa haki hudai mafunzo ya haki. Tumdai mwanafunzi ujuzi, na hapo hapo tudai kwamba apewe vifaa, walimu na nafasi ya kujizoeza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya mitihani ya chuoni na mtihani wa leseni?

2. Kwa nini mkunga anatakiwa kuangalia kibofu cha mama anayetokwa damu?

3. Wahudumu wa Haydom walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini mwanzoni huduma kwa watoto halisi haikubadilika kama ilivyotazamiwa. Unadhani ni kwa nini? Ni nini kilichosaidia baadaye?

4. Katika malalamiko matano ya wanafunzi, ni yapi yanayoweza kuondolewa na mwanafunzi mwenyewe, na ni yapi yanayohitaji chuo na serikali?

5. Zahanati yenu ina mfuko wa kumpulizia hewa mtoto? Nani atakwenda kuuliza, na lini?